Kukusanya Modeli za Mabehewa ya Mizigo ya Uingereza: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mtu akiingia duka la modeli za reli, jicho huenda kwanza kwenye kichwa cha treni: kijani kinachong'aa, shaba, jina la mfalme au la ngome. Mabehewa ya mizigo hukaa rafu ya chini, mara nyingi ndani ya boksi la vitu vya mitumba. Mimi nakushauri uiname. Reli za Uingereza zilipotaifishwa tarehe 1 Januari 1948 zilikuwa na mabehewa ya mizigo zaidi ya milioni moja, na karibu nusu yake yalikuwa yamewahi kuwa mali ya watu na kampuni binafsi: migodi ya makaa ya mawe, wauzaji wa makaa wa mijini, viwanda vya chumvi, vya saruji, vya mafuta. Kila mmoja aliandika jina lake ubavuni kwa herufi kubwa. Ukijua kuyasoma maandishi hayo, unaisoma nchi nzima ilivyoishi, ilivyopika na ilivyopata joto wakati wa baridi.

Ila ukinunua ovyo utaishia na visanduku mia visivyohusiana. Kwa hiyo fuata mpangilio.

Hatua ya 1: Chagua skeli moja, ushikamane nayo

Skeli ni uwiano wa modeli na kitu halisi. Skeli tatu ndizo zenye mabehewa mengi ya Kiingereza. OO ni 1:76 (kamili 1:76.2), inapita juu ya reli yenye upana wa milimita 16.5. N ni 1:148, reli yake milimita 9. O ni 1:43.5, reli yake milimita 32. Hii ni nzuri mno lakini inakula nafasi na pesa.

Kama huna sababu maalumu, chukua OO. Ndiyo iliyotengenezewa mabehewa mengi kuliko zote tangu chapa ya Hornby Dublo ilipotoka mwaka 1938, na mitumba yake haikauki.

OO ina kasoro moja ambayo lazima uijue mapema. Reli halisi ya Uingereza ina upana wa milimita 1435, sawasawa na SGR ya Mombasa hadi Nairobi. Ukiigawa kwa 76.2 unapata milimita 18.83, si 16.5. Sababu ni kwamba vichwa vya treni vya Uingereza ni vyembamba, na mota za umeme za enzi zile zilikuwa kubwa. Watengenezaji wakaikuza skeli ya treni ili mota ienee, reli wakaiacha ileile ya HO, skeli ya bara la Ulaya. Ukilitazama behewa la OO kwa mbele utaona magurudumu yamebanana. Wapo wanaojenga upya chasisi zao kwa milimita 18.2 au 18.83 kamili. Kwa mkusanyaji anayeanza, kazi hiyo inaweza kusubiri.

Usichanganye OO na HO ya bara la Ulaya. HO ni 1:87, na ukiyaweka mabehewa hayo mawili pamoja, la HO litaonekana limenyauka. Wala usitarajie kukuta mabehewa ya Kenya na Uganda kwenye visanduku vya OO. Yale yalikuwa ya geji ya mita moja na kuyatengeneza ni fani nyingine.

Hatua ya 2: Chagua miaka kabla hujachagua behewa

Hapa ndipo wengi hupita haraka, na hapa ndipo mkusanyiko hupona au huharibika. Behewa la 1910 na behewa la 1975 yanaweza kuuzwa duka moja, kwa bei moja, yakafungamana vizuri kabisa. Lakini hayakuwahi kuonana.

Kabla ya 1923 kulikuwa na kampuni za reli nyingi, kubwa na ndogo. Sheria ya mwaka 1921 ikaziunganisha, na kuanzia 1 Januari 1923 zikabaki nne kubwa: Great Western, London Midland and Scottish, London and North Eastern, na Southern. Wafanyakazi na wapenzi wa reli huziita kwa herufi: GWR, LMS, LNER, SR. Mwaka 1948 zikaingia zote chini ya British Railways. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukaja mfumo wa kompyuta wa TOPS, na kila aina ya behewa ikapewa herufi tatu.

Rangi zitakusaidia kutambua kipindi hata kabla ya kuvaa miwani. GWR walipaka kijivu cheusi. SR walipaka kahawia iliyokolea. LMS walitumia kijivu hadi 1936, ndipo wakahamia kahawia yenye wekundu inayoitwa boksaiti. LNER waligawa: kijivu kwa mabehewa ya kawaida, kahawia nyekundu kwa yale yaliyofungwa breki ya treni nzima. British Railways wakachukua mgawo unaofanana na huo, kijivu kwa yasiyo na breki ya vakyumu (breki ya treni nzima inayofanya kazi kwa utupu wa hewa) na boksaiti kwa yaliyo nayo.

Mgawo huo wa breki haukuwa wa urembo. Kwa muda mrefu sana behewa la kawaida la mizigo la Uingereza lilikuwa na breki ya mkono tu, mtaimbo mrefu ubavuni unaosukumwa chini. Treni ikiwa safarini, aliyeisimamisha ni dereva kwa breki ya kichwa, akisaidiwa na gadi, yaani msimamizi wa treni, kwenye behewa lake la mwisho. Kwenye mteremko mkali treni ilisimama kileleni na mitaimbo ikashushwa behewa moja baada ya jingine, ndipo ikateremka polepole. Behewa la boksaiti lilibeba ahadi ya kwenda kasi zaidi, na ndiyo maana samaki, nyama na ndizi zilisafirishwa kwa mabehewa yenye breki.

Kwa anayeanza napendekeza kipindi kimoja kati ya viwili. Kama unapenda maandishi na rangi nyingi, chukua 1923 hadi 1939, zama za mabehewa ya watu binafsi. Kama unapenda kutu, moshi na uchakavu, chukua 1948 hadi katikati ya miaka ya 1960. Mimi ni mtu wa kipindi cha kwanza, na sijawahi kuchoka.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma ubavu wa behewa

Shika behewa lolote la makaa la modeli ulisome polepole, kuanzia juu hadi chini.

Jina kubwa ni la mwenye mali. Powell Duffryn ni migodi ya Wales Kusini. Stephenson Clarke, wenye herufi SC kubwa, walikuwa wafanyabiashara wa makaa. Bolsover ni mgodi wa Derbyshire. Chini ya jina, mara nyingi kwa herufi ndogo za mlazo, utakuta maneno yanayoagiza behewa tupu lirudishwe wapi: mgodi gani, stesheni gani, kwa njia ya reli ipi. Mstari huo una thamani kuliko jina, kwa sababu unakuambia behewa lilitoka wapi na lilisafiri kuelekea wapi. Kama unajenga treni ya Wales Kusini na behewa limeagizwa kurudi Yorkshire, jiulize limefikaje huku.

Kisha tafuta mstari mweupe wa mshazari. Behewa nyingi za makaa zilikuwa na mlango upande mmoja wa mwisho, ili kwenye bandari kama Barry, Penarth na Cardiff behewa zima liinamishwe na makaa yamwagike melini. Mstari unapanda kuelekea kwenye mlango huo, ili wafanyakazi wa yadi wajue kwa mbali upande upi uelekee kwenye mtambo. Kwenye modeli za bei ndogo mstari huu wakati mwingine umechapwa kinyume, ukipanda kuelekea upande usio na mlango. Kagua kila mara.

Namba nayo ina maneno yake. Chini ya British Railways, herufi iliyotangulia namba ilisema asili: W ni GWR ya zamani, M ni LMS, E ni LNER, S ni Southern, P ni lililokuwa la mtu binafsi, na B ni lililojengwa kwa oda ya British Railways wenyewe. Behewa la mbao lenye namba ya P, rangi imebabuka na jina la mgodi bado linaonekana kwa mbali juu ya mbao tupu, ni mojawapo ya modeli zinazosema mengi kwa pesa kidogo. Serikali iliyakusanya mabehewa hayo mwaka 1939 vita ilipoanza, yakatumika kwa pamoja, na hayakurudi tena mikononi mwa wenyewe.

GWR walikuwa na desturi ya kutumia majina mafupi ya telegrafu, nao waliyaandika ubavuni: Mink ni behewa lenye paa, Mica ni la nyama, Toad ni la gadi, Crocodile ni lile refu lenye tumbo la chini kwa mizigo mikubwa. Baadaye idara ya njia ya reli ya British Railways ilitumia majina ya viumbe wa majini kwa mabehewa ya kokoto na vyuma vya reli: Dogfish, Grampus, Sturgeon, Shark. Ukikutana na jina la namna hiyo, lichukue kama aina ya behewa, si jina la mwenye mali. Na ukiona herufi kama MCO, MCV au HAA, hapo umeingia zama za TOPS.

Hatua ya 4: Pima kabla hujalipa

Nunua kalipa ndogo ya dijitali, kifaa cha kupimia milimita. Behewa la makaa la kiwango cha 1923 lilikuwa na urefu wa futi 16 na inchi 6, na futi 9 kati ya ekseli na ekseli. Katika OO kila futi ni milimita 4, kwa hiyo bodi iwe milimita 66 na ekseli ziachane milimita 36.

Sasa pima modeli iliyo mkononi. Nyingi za zamani zimepandishwa kwenye chasisi ya futi 10, yaani milimita 40, kwa sababu mtengenezaji alikuwa na chasisi moja na akaitumia chini ya kila kitu. Bodi nayo ikavutwa ili ienee. Jina ni la kweli, rangi ni ya kweli, behewa lenyewe halikuwahi kuwapo. Hilo si kosa la kukufanya usinunue kama umelipenda, ila lisikufanye ulipe bei ya modeli sahihi. Chasisi ya futi 10 inafaa chini ya mabehewa mengi yenye paa na yale ya breki ya vakyumu ya British Railways.

Baada ya vipimo, tafuta picha ya behewa halisi. Kampuni ya Gloucester Railway Carriage and Wagon ilikuwa na tabia nzuri ya kupiga picha kila muundo mpya kabla haujaondoka kiwandani, na kibao kidogo kilichowekwa ndani ya picha kilitaja rangi za bodi na za herufi. Picha ni nyeusi na nyeupe, lakini kibao kinaongea. Ukiwa Uingereza, nenda ukayaone mabehewa yenyewe: National Railway Museum ya York, Didcot Railway Centre kwa ya GWR, na jumba la Historical Model Railway Society lililoko Butterley, Derbyshire, kwa michoro na picha.

Hatua ya 5: Nunua kwa uwiano, si kwa rangi

Duka litakusukumia behewa la ajabu: tangi la rangi ya chungwa, behewa la chumvi lenye paa la mgongo. Yapo na ni mazuri. Lakini treni ya kweli ilijaa makaa. British Railways walijenga mabehewa ya chuma ya tani 16 zaidi ya 200,000, yote yakifanana, na ndiyo yaliyoonekana kila mahali hadi miaka ya 1970.

Kwa 1923 hadi 1939, anza na mabehewa sita ya makaa ya watu binafsi, manne kati yake ya eneo moja. Ongeza mawili ya wazi ya kampuni za reli, mawili yenye paa, na la gadi moja. Baada ya hapo ndipo uweke kimoja cha pekee: behewa la ng'ombe, au la ndizi lenye mabomba ya mvuke ya kupasha joto mzigo, au tangi la maziwa la magurudumu sita.

Je, kama umechagua reli ya GWR, mabehewa ya wazi yawe ya GWR tu? Hapana. Tangu Vita ya Kwanza ya Dunia kampuni zilikubaliana kutumia mabehewa ya wazi, kisha na yenye paa, kwa pamoja. Behewa lilipakiwa tena popote lilipokuwa. LMS ilikuwa na mengi kuliko zote, ikifuatwa na LNER, kisha GWR, na SR mwisho. Hivyo hata kwenye stesheni ndogo ya Devon ulikuta behewa la LMS bila mshangao. Yaliyobaki nyumbani ni yale ya kazi maalumu na ya gadi. Kwa hiyo usifunge behewa la gadi la LNER nyuma ya treni ya ndani ya GWR, hata kama limekuja kwa bei ya kutupwa.

Hatua ya 6: Kagua mitumba

Kwa bei za miaka ya karibuni, behewa la kawaida la mitumba la OO huenda kati ya paundi 5 na 15, na jipya lenye ufundi wa hali ya juu kati ya 20 na 40. Bachmann, Dapol, Hornby, Oxford Rail, Accurascale na Rapido ndizo chapa utakazokutana nazo zaidi. Mainline na Airfix ni za zamani, bado zinafaa.

Ligeuze juu chini. Mtaimbo wa breki upo pande zote mbili? Vikanyagio vya behewa la gadi havijakatika? Bafa nne, vyuma vya kupokea msukumo kwenye ncha za behewa, zipo? Zungusha kila gurudumu. Likiyumba, ekseli imepinda au tundu limelika. Vitu vya zamani vya aloi ya zinki vichunguze kwa mwanga wa pembeni: ukiona nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka au sehemu iliyovimba, rudisha mezani. Ugonjwa huo hauna tiba.

Usiongezewe bei kwa cheti cha toleo maalumu. Maduka na vyama vingi viliagiza mabehewa yao kwa idadi ndogo, na baadhi yana majina ambayo hayakuwahi kupanda reli. Rejea Hatua ya 4 kwanza, cheti baadaye. Kama unaagiza kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, mwombe muuzaji akusanye kadhaa katika kifurushi kimoja, na uulize ushuru wa forodha kabla hujalipa.

Hatua ya 7: Lifanye litembee

Toa magurudumu ya plastiki, weka ya chuma yenye kipenyo cha milimita 12.6 na ekseli zilizochongoka ncha. Magurudumu ya plastiki hubeba uchafu na kuusambaza kwenye reli yote. Kwa kalipa, hakikisha umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja ni milimita 14.4 hadi 14.5; pungufu ya hapo, litaruka kwenye makutano ya njia.

Uzito nao ni muhimu. Kanuni inayofuatwa na wengi ni gramu 25 kwa kila ekseli, yaani gramu 50 kwa behewa la magurudumu manne. Bandika kipande cha chuma chini ya sakafu au chini ya mzigo. Ukitumia punje za madini ya risasi, zishike kwa glovu, na usizimwagie gundi nyeupe ya mbao ndani ya nafasi iliyofungwa. Mchanganyiko huo huvimba taratibu na baada ya miaka hupasua bodi.

Viungio: modeli nyingi za sasa zina kitundu cha kiwango cha NEM (viwango vya modeli za reli vya Ulaya), hivyo unachomoa ndoano kubwa na kuchomeka ndogo au ya sumaku bila gundi. Kwa mnyororo wa pete tatu kama wa kweli utahitaji macho makali, mkono mtulivu na bafa nzima.

Hatua ya 8: Lichafue kwa kiasi

Safisha kwanza kwa maji ya uvuguvugu, tone la sabuni na brashi laini. Usitumie spiriti juu ya maandishi, yatafutika.

Behewa la makaa halikuwa jeusi tu. Changanya rangi nyeusi na kahawia, ipake nyembamba sana, kisha ifute kwa kitambaa kutoka juu kwenda chini ili ibaki kwenye mianya ya mbao. Kwenye behewa la chuma la tani 16 weka kutu ya rangi ya chungwa iliyokolea kwenye maungio ya mlango na sehemu ya chini, ndani iwe kutu tupu. Ubao mmoja uliobadilishwa, ukiwa na rangi ya mbao mpya, unatosha. Mzigo nao uwe makaa ya mawe halisi yaliyopondwa na kuchekechwa. Mkaa wa miti haung'ai vilevile. Na kama behewa lina maandishi adimu na sanduku lake la asili, liache safi, nunua la pili la kuchafua.

Hatua ya 9: Andika daftari na uhifadhi

Fungua jedwali lenye safu hizi: namba ya bidhaa ya mtengenezaji, jina na namba iliyo ubavuni, aina ya behewa, umbali kati ya ekseli, mwaka wa mwanzo na wa mwisho linapofaa, bei, mahali ulipolinunua, na kila ulichobadilisha. Safu ya miaka ndiyo utakayoitazama zaidi: ukiipanga kwa mwaka, mara moja unaona ni mabehewa yapi yanaweza kusimama treni moja.

Weka visanduku mbali na jua na mbali na ukuta wa nje wenye unyevu. Usitumie sponji laini isiyojulikana; nyingine huyeyuka na kunata kwenye rangi. Karatasi nyembamba isiyo na asidi inatosha. Kwenye hali ya hewa ya pwani, tia pakiti za kukausha unyevu ndani ya boksi kubwa na uzibadilishe zikishiba, na mara mbili kwa mwaka toa mabehewa yote, yazungushe magurudumu, tia tone dogo la mafuta yasiyoharibu plastiki kwenye ncha za ekseli zilizokauka, ukague chuma kama kimeanza kutu.